Kukusanya vitabu vya kale vya Kijerumani vya hesabu za biashara: mwenye mfuko mdogo aanzie wapi?

Mhasibu wa Nakuru

Ndugu zangu, hamjambo. Ninaomba ushauri wa wale wenye uzoefu na vitabu vya kale. Kazi yangu ni uhasibu hapa Nakuru, na kwa muda sasa nimevutiwa na vitabu vya hesabu za biashara vilivyochapishwa Ujerumani kuanzia miaka ya 1480 hadi mwisho wa karne ya 16, yaani vile vilivyomfundisha kijana wa dukani kukokotoa bei, kubadilisha fedha za mji mmoja kwa za mji mwingine, kugawa faida ya washirika na kupokea mzigo bila kupunjwa. Nimekuwa nikivisoma kupitia picha ambazo maktaba za Munich, Dresden na Wolfenbüttel zimeziweka kwenye intaneti bila malipo, na nimeyazoea maandishi yao kiasi cha kulielewa swali na jibu lake. Sasa ninatamani kumiliki kimoja au viwili.

Majina ninayokutana nayo kila mara ni Johannes Widmann, ambaye kitabu chake *Behende und hüpsche Rechenung auff allen Kauffmanschafft* kilitoka Leipzig mwaka 1489, Jakob Köbel, karani wa mji wa Oppenheim, Adam Ries wa Annaberg, Christoff Rudolff, na Peter Apian, ambaye kitabu chake cha mwaka 1527 kina kwenye ukurasa wa jina ile pembetatu ya namba ambayo leo tunaiita ya Pascal, ingawa Pascal mwenyewe alizaliwa mwaka 1623.

Ninayotaka kujua ni haya. Je, kuna uwezekano wowote kwa mtu wa mshahara kupata kimojawapo cha vitabu hivi, au ni ndoto za mchana? Nitajuaje kwamba kitabu kimekamilika ilhali ninakiona kwa picha za muuzaji tu? Sheria za kukitoa Ulaya na kukiingiza Kenya zikoje? Zaidi ya hayo, huenda nikahamishiwa Kisumu, na kila anayeijua Kisumu ananiambia kwamba unyevu wa ziwa na karatasi haviishi pamoja.

Mkutubi Mstaafu, Kisumu

Ndugu Mhasibu, swali lako la kwanza ndilo linalobeba mengine, kwa hiyo nitakaa hapo kuliko pengine pote.

Si kweli kwamba vitabu hivi ni adimu kwa sababu vilichapishwa vichache. Vilichapishwa kwa wingi, vikabebwa mifukoni na vijana wa madukani na wanafunzi wa walimu wa hesabu, vikalowa, vikachanika, na vingi vikaishia kufungia bidhaa au kukazia majalada ya vitabu vingine. Kitabu cha sheria kilikaa rafuni kwa heshima zake, lakini cha hesabu kilitumika hadi kikaisha. Tazama yaliyompata Adam Ries: kitabu chake cha kwanza, cha kuhesabu kwa mistari, kilitoka Erfurt mwaka 1518, na hakuna nakala hata moja ya toleo hilo inayojulikana leo, wanaokichunguza huanzia toleo la 1525. Kitabu kilichochapishwa Bamberg mwaka 1482, ambacho huhusishwa na Ulrich Wagner, mwalimu wa hesabu wa Nürnberg, kimebaki vipande tu, ilhali kile cha mwaka uliofuata, 1483, kimetufikia kizima.

Kwa mfuko wa mtu wa mshahara, basi, Widmann wa 1489 msome kwenye picha na umwache huko. Kwa upande mwingine, kitabu cha pili cha Ries, *Rechenung auff der linihen und federn*, kilichotoka kwanza Erfurt mwaka 1522, kilichapishwa tena zaidi ya mara 100, katika Frankfurt, Leipzig na miji mingine, mpaka ndani ya karne ya 17. Jina lake liliingia katika usemi wa kila siku, hata Mjerumani wa leo akitaka kusema kwamba hesabu fulani haina ubishi husema ni "kwa mujibu wa Adam Riese". Matoleo hayo ya baadaye, pamoja na vitabu vya walimu wa hesabu wa miji midogo ambao majina yao hayajulikani nje ya miji hiyo, ndiko unakopaswa kutafuta. Wanaoshindana mnadani hushindania tarehe ya kwanza na jina kubwa. Mwalimu asiye na jina aliyechapisha mwaka 1590 hana wa kumgombea, na maswali yake kuhusu pilipili, sufu na nta mara nyingi yanatueleza soko la mji wake kwa undani ambao Ries hana nafasi nao.

Nina msimamo mmoja ambao wauzaji wengi hawaupendi. Wao husifu nakala "safi", isiyo na alama za kalamu, nami ningemlipa zaidi mwenye nakala ambayo pembeni yake kijana fulani amefanya hesabu zake mwenyewe, akakosea, akafuta, akarudia. Kitabu cha hesabu kisicho na wino wa mtumiaji ama hakikutumika, ama kimeoshwa. Ndiyo, karatasi za kale huoshwa kwa maji na dawa ili zipendeze machoni mwa mnunuzi, nazo hupoteza gundi yake ya asili na kulegea mkononi kama kitambaa. Mwulize muuzaji waziwazi kama karatasi zimeoshwa, na umtake ajibu kwa maandishi.

Kuhusu orodha, vitabu vya karne ya 16 vya nchi zinazosema Kijerumani vimeorodheshwa katika VD 16, na vile vya kabla ya 1501 katika orodha ya GW inayotunzwa Berlin. Muuzaji anayejua kazi yake atakupa namba ya orodha bila kuombwa. Akisema kwamba kitabu chake "hakimo katika VD 16", usikimbilie kufungua pochi, kwa maana orodha hiyo ilijengwa juu ya kilichomo katika maktaba, na vitabu vya bei ya chini ndivyo vilivyoponyoka zaidi. Kutokuwamo kwake kunaonyesha kwamba hakuna maktaba iliyokiripoti, basi, na bei haipaswi kupandishwa kwa sababu hiyo peke yake. Ukitaka maelezo ya kitabu kimoja kimoja, tafuta *Rara Arithmetica* ya David Eugene Smith, iliyotoka mwaka 1908 na kueleza vitabu vya hesabu vya kabla ya 1601 vilivyokuwa katika maktaba ya George Arthur Plimpton, ambayo sasa iko Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Imezeeka kwa mambo mengi, lakini bado sijaona inayoipita kwa picha na kwa maelezo ya yaliyomo.

Sheria ni rahisi kuliko watu wanavyohofia. Kitabu kilichochapishwa kabla ya 1501 hakitoki Umoja wa Ulaya bila kibali, hata kama bei yake ni ndogo. Kitabu cha baada ya hapo, kilichozidi umri wa miaka 100, huhitaji kibali hicho pale tu thamani yake inapozidi euro 50,000, kiwango ambacho mimi na wewe hatutakifikia. Kwa upande wa Kenya, kumbuka kwamba katika orodha ya forodha kitu cha kale kilichozidi miaka 100 huingia sura ya 97 na si sura ya 49 ya vitabu vya kawaida, kwa hiyo mwaka wa kuchapishwa uandikwe kwenye ankara, na wakala wako wa forodha akuambie gharama kabla hujalipa chochote. Ukinunua mnadani, usisahau ada ya mnunuzi, ambayo inaweza kufikia robo ya bei uliyoshindia, na juu yake usafirishaji na bima.

Mwalimu wa Hisabati, Bungoma

Ninamshukuru Mzee Mkutubi. Mimi nitaongeza kuhusu yaliyomo, kwa sababu mtu hawezi kuchagua vyema kitabu ambacho hajui kinavyofanya kazi.

Mhasibu, umemtaja Widmann, na kila mtu humtaja kwa kuwa kitabu chake cha 1489 ndicho cha kwanza kuchapishwa chenye alama za + na −. Ila wengi huzitaja alama hizo bila kuuona ukurasa wenyewe. Lipo swali la mfanyabiashara aliyenunua mapipa madogo 13 ya matunda ya tini. Uzito wa kila pipa umeandikwa kwa zentner, yaani ratili 100, ikifuatiwa na alama: pipa la kwanza ni 4 + 5, la pili 4 − 17, la tatu 3 + 36, na kadhalika hadi la kumi na tatu. Alama hizo hazimwamuru mtu ajumlishe wala atoe. Zinasema tu kwamba pipa limezidi ratili 5, au limepungukiwa na ratili 17, kama vile mpokeaji wa mahindi hapa kwetu anavyoandika kando ya gunia la kilo 90 kwamba hili limezidi tatu na lile limepungua mbili. Widmann hukusanya zentner zote, ambazo ni 43, anaongeza ratili zilizozidi na kupata 4,539, kisha anaondoa 75 zilizopungua. Halafu, kwa kuwa pipa tupu nalo lina uzito, anaondoa ratili 24 kwa kila pipa, jumla 312, na kubakiwa na ratili 4,152 za tini zenyewe. Kwa bei ya gulden (fedha ya Kijerumani ya wakati huo) 4 na moja ya nane kwa kila zentner, deni ni gulden 171, shilingi 5 na heller 4 na nne ya tano. Nimeirudia hesabu hiyo kwa mkono, na haina kasoro.

Ukiwa na swali kama hilo mbele yako, unaziona alama hizo zikifanya kazi ghalani. Zimo pia katika mswada uliokuwa wa Widmann mwenyewe, ambao leo uko Dresden, kwa hiyo kitabu hakikuzibuni, kilizitangaza.

Jambo la pili la kutazama ni kama kitabu kinafundisha "kwa mistari", "kwa kalamu", au kwa njia zote mbili. Kalamu ni tarakimu tunazozijua sote. Mistari ni ubao au kitambaa kilichochorwa mistari ya mlalo: wa chini ni wa mamoja, unaofuata wa makumi, halafu mamia, halafu maelfu, na wa maelfu huwekwa alama ya msalaba ili jicho lisipotee. Nafasi iliyo kati ya mstari na mstari ina thamani mara tano ya ile ya mstari ulio chini yake. Kwa hiyo 1,768 huwekwa hivi: kipande kimoja cha shaba kwenye maelfu, kimoja katika nafasi ya 500, viwili kwenye mamia, kimoja katika nafasi ya 50, kimoja kwenye makumi, kimoja katika nafasi ya 5, na vitatu kwenye mamoja. Kujumlisha ni kusukuma tu: vipande vitano vikikutana kwenye mstari, viondoe na uweke kimoja katika nafasi ya juu yake, viwili vikikutana katika nafasi, viondoe na uweke kimoja kwenye mstari wa juu. Asiyejua kusoma wala kuandika aliweza kufanya hivyo, na ndiyo sababu Köbel mwaka 1514 aliandika kitabu kizima kwa ajili ya njia hiyo. Ries alianzia huko pia, kisha akamvusha mwanafunzi hadi kwenye kalamu, na mimi kama mwalimu ninaona kwamba mpangilio huo ndio uliokifanya kitabu chake cha pili kiwashinde wenzake. Hakumtupa mwanafunzi kwenye tarakimu siku ya kwanza.

Baada ya hapo vitabu karibu vyote hufuata njia moja, na utaizoea upesi. Huja kanuni ya namba tatu, ambayo waliiita ya dhahabu: ukijua bei ya kiasi fulani, utajua bei ya kiasi kingine. Hufuata ubadilishanaji wa bidhaa kwa bidhaa, michanganyiko ya fedha na shaba kwa ajili ya sarafu, na hesabu ya washirika. Hiyo ya mwisho ni nyepesi mpaka muda uingie: watatu waliotoa gulden 30, 50 na 70 na kupata faida ya 45 watagawana 9, 15 na 21, lakini mmoja akitoa fedha zake miezi minne kabla ya wenzake, kila mtaji lazima kwanza uzidishwe kwa miezi yake. Mwandishi mzuri utamtambua hapo. Mbovu hutoa jibu bila kuonyesha njia, na wako wengi.

Mzee Mkutubi amependekeza matoleo ya baadaye, nami ninaunga mkono, lakini ikiwa mfuko hautoshi hata hapo, anza na vile vipande vya shaba vya kuhesabia. Vilitengenezwa Nürnberg kwa wingi wa ajabu na kupelekwa kote Ulaya. Vile vyenye jina la Hans Krauwinckel, wa mwishoni mwa karne ya 16 na mwanzoni mwa ya 17, bado huuzwa kwa bei ambayo mwalimu anaweza kuimudu. Vingi vina maneno ya mafunzo pembezoni, kama vile *Gotes Segen macht reich*, yaani baraka za Mungu hutajirisha. Ukiwa na konzi moja ya vipande hivyo na picha za Ries kutoka Dresden, unaweza kufanya maswali yake kama alivyotaka yafanywe.

Mfanyabiashara wa Kibuye, Kisumu

Nimeufuata mjadala huu kwa heshima zote, na mfano wa tini umenifurahisha, kwa sababu kuondoa uzito wa chombo ni ugomvi wetu wa kila siku sokoni. Hata hivyo ninauliza kwa nia njema: ikiwa kila ukurasa unapatikana bure kwenye intaneti, tena kwa picha iliyo wazi kuliko kitabu chenyewe, mtu wa Nakuru anunue karatasi zilizochakaa kwa faida gani? Fedha hizo zingelipa karo ya mtoto au zingeingia kwenye mtaji.

Mjalidi wa Kakamega

Swali la mwenzetu wa Kibuye ni la haki, na kuhusu karo sibishani naye. Kama karo haijalipwa, kitabu kingoje. Lakini kusema kwamba picha inatosha ni kusema kwamba kitabu ni maneno yake tu, na mtu aliyeshona vitabu hawezi kukubali hilo. Nitaeleza kwa kujibu swali la pili la Mhasibu, lile la ukamilifu, ambalo bado halijaguswa.

Vingi vya vitabu hivi ni vidogo, vya karatasi kubwa iliyokunjwa mara tatu ili kutoa karatasi ndogo 8, yaani kurasa 16. Kila kikunjo kina herufi yake chini ya ukurasa, A, kisha Aij, Aiij na kuendelea, halafu B, halafu C. Alfabeti ya wachapaji ilikuwa na herufi 23, kwa hiyo usishtuke ukikosa J au W. Chukua nakala ya picha ya toleo lilelile kutoka maktaba, andika mfululizo wake wa herufi, kisha umwombe muuzaji alinganishe karatasi kwa karatasi. Karatasi zinazopotea ni zilezile siku zote: ya kwanza yenye jina la kitabu, ya mwisho yenye jina la mchapaji na mwaka, na zile zilizokuwa na majedwali.

Halafu kuna karatasi bandia. Kitabu kikikosa ukurasa, wako waliozoea kuuchapisha upya kwa ustadi na kuushonea ndani. Picha ya kawaida haitakuonyesha. Mwombe muuzaji apige picha nyingine chumbani gizani, taa ikimulika kutoka ubavuni karibu na usawa wa ukurasa. Herufi za risasi zilizogandamizwa na mashine ya mbao huacha mashimo madogo kwenye karatasi, na upande wa pili huacha vivimbe unavyoweza kuvihisi kwa kidole. Ukurasa uliochapwa kwa mawe au kwa mashine za siku hizi huwa bapa kabisa. Kisha aiinue karatasi mbele ya mwanga. Karatasi ya matambara ya wakati huo ina mistari ya nyaya za kitengenezeo chake, na katika kitabu kilichokunjwa mara tatu mistari iliyoachana husimama wima, ilhali katika kile kilichokunjwa mara mbili hulala. Alama ya mtengenezaji wa karatasi nayo huangukia juu kabisa, karibu na mshono, katika kile cha kwanza, na katikati ya mshono katika kile cha pili. Karatasi moja ikiwa na mistari inayolala na jirani zake zote zikiwa na inayosimama, hiyo si ya hapo.

Kuhusu jalada, usidai la ngozi ya nguruwe iliyopigwa chapa juu ya mbao, ingawa ni zuri. Vitabu vya madukani vilivaa ngozi laini isiyo na ubao, mara nyingine iliyokatwa kutoka kwenye kitabu cha kanisa kilichoachwa, na unaweza kuona mistari ya nyimbo za Kilatini juu ya kitabu cha bei za pilipili. Jalada la namna hiyo usikubali libadilishwe.

Hali ya hewa ni jambo la kuchukuliwa kwa uzito, lakini si la kukata tamaa. Kuvu huanza kuota unyevu wa hewa unapokaa juu ya asilimia 65, kwa hiyo lenga asilimia 45 hadi 55 na ununue kipimo kidogo cha unyevu kabla ya kununua kitabu. Nakuru iko juu na ni kavu zaidi. Huko adui ni vumbi, na sanduku la kadibodi isiyo na asidi linatosha. Kisumu usiweke kabati kwenye ukuta wa nje, wala usikifungie kitabu ndani ya mfuko wa plastiki, kwa kuwa unyevu ulioingia nao hautatoka. Rafu iwe na miguu ya chuma, isiguse ukuta, na ichunguzwe kila wiki kwa ajili ya mchwa. Dawa ya kunyunyizia wadudu isikaribie karatasi, na selotepu isiingie chumba hicho hata kwa bahati mbaya.

Mhasibu wa Nakuru

Ninawashukuru nyote, na mwenzetu wa Kibuye nimwambie kwamba karo imelipwa.

Sasa nina jambo mahsusi. Katika katalogi ya muuzaji mmoja wa Ujerumani nimeona kitabu cha pili cha Ries, toleo la Frankfurt la nusu ya pili ya karne ya 16. Maelezo yanasema kwamba karatasi ya mwisho haipo, ukurasa wa jina umetengenezwa pembeni, karatasi kadhaa zimetobolewa na wadudu, na kuna "maandishi ya kale kwa wino" katika sehemu nyingi. Kando yake ipo nakala ya *Practica* ya 1550, kile kitabu chake kikubwa kilichochapwa Leipzig chenye picha yake, lakini bei yake sitaithubutu. Je, huyo wa Frankfurt nimchukue?

Mkutubi Mstaafu, Kisumu

*Practica* iache, ingawa ninaelewa unavyoitamani. Maneno yaliyozunguka picha hiyo yanasema kwamba mwaka 1550 Ries alikuwa na umri wa miaka 58, na ndiyo sababu vitabu vyote vinasema alizaliwa karibu na 1492. Hatuna hati nyingine inayotuambia. Picha hiyo ndiyo inayopandisha bei, na ukiitaka, maktaba zinayo.

Huyo wa Frankfurt ninamwona anafaa, ikiwa majibu matatu yatakuja vizuri. La kwanza ni hiyo karatasi ya mwisho. Tafuta toleo lilelile katika picha za Munich, kwa mwaka na kwa mchapaji, utazame karatasi ya mwisho ya kikunjo cha mwisho. Ikiwa ilikuwa tupu, kitabu kimekamilika kwa maana yoyote inayokuhusu, nawe hupaswi kulipa kana kwamba kina kasoro wala kupokea kama hisani. Ikiwa ilikuwa na jina la mchapaji na mwaka, basi uliza muuzaji ameujuaje mwaka alioutaja. Kama umo pia kwenye ukurasa wa jina, ni sawa, lakini bei ishuke. Ikiwa ilikuwa na mwisho wa maswali, mwachie mwingine.

La pili ni ukurasa wa jina uliotengenezwa. Omba ile picha ya taa ya ubavuni aliyoieleza Mjalidi, na uombe iwe ya ukurasa huo na wa karatasi inayofuata kwa pamoja, ili ulinganishe.

La tatu ni maandishi ya wino, na hapa usimwulize muuzaji kama yanapunguza thamani, maana ukiuliza hivyo ataanza kuyafikiria. Mwombe tu picha za kurasa zote zenye maandishi. Kama ni hesabu, tazama fedha: katika Saxony gulden moja ilikuwa groschen 21, na groschen moja pfennig 12. Mtumiaji aliyegawa kwa 21 pembeni mwa kitabu kilichochapwa Frankfurt atakuwa amekuambia kitabu kilitumika wapi, jambo ambalo katalogi haikulisema na pengine muuzaji hakuliona. Matundu ya wadudu yasikusumbue, isipokuwa yapite katikati ya tarakimu za majedwali.

Mwandikie leo kwa sababu katalogi hizo hupita mikononi mwa wengi, na umwombe akuwekee kitabu kwa wiki moja huku ukisubiri picha na jibu la wakala wa forodha. Wauzaji wengi hukubali ombi hilo, hata kwa mteja mpya. Asipokubali, matoleo ya Frankfurt hurudi sokoni.

Mhasibu wa Nakuru

Nimemwandikia asubuhi hii, na karatasi ya mwisho nimeiona katika nakala ya Munich: ni tupu. Nikipata picha za wino nitaziweka hapa, na Mwalimu wa Bungoma atanisaidia kuzisoma.